Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kwenda Chumba cha Kusikilizia na Kupima Spika za Fundi

Mimi ni seremala. Miaka kadhaa iliyopita mteja aliniletea mchoro wa makasha mawili, marefu kama kabati la vyombo, kila moja na tundu la kipenyo cha sentimita 38. Nikadhani ni ya ukumbi wa harusi. Kumbe ni ya sebuleni kwake. Siku aliyofunga spika akaniita nisikilize, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kukaa kwenye viti vya watu, nasikiliza muziki kimya kimya. Haya ndiyo maswali wanayoniuliza wanaotaka kwenda kwa mara ya kwanza kwenye chumba cha kusikilizia, kupima spika za fundi, yaani zilizoundwa kwa mkono, si za kiwandani.

Chumba cha kusikilizia ni nini? Si ni baa tu yenye spika kubwa?

Baa, muziki unasindikiza maongezi. Huku maongezi yanasubiri muziki uishe.

Mtindo huu ulikomaa Japani. Chigusa, mkahawa wa jazi wa Yokohama, ulifunguliwa mwaka 1933, na baada ya vita mikahawa ya aina hiyo ikaenea. Sababu haikuwa anasa, ilikuwa uhaba: santuri kutoka Marekani zilikuwa ghali mno kwa mtu wa kawaida, na redio nzuri hakuwa nayo. Kwa bei ya kikombe cha kahawa alikaa saa nzima akasikiliza mali ya mwenye duka, na katika baadhi ya mikahawa ukinong'ona tu unatazamwa vibaya. Upo mmoja mashuhuri mjini Ichinoseki, unaitwa Basie, ulioanzishwa mwaka 1970, ambao kwa miaka mingi watu walisafiri kutoka mbali kwenda kusikia spika zake za kampuni ya JBL.

Baadaye London na New York wakaiga. Devon Turnbull, fundi wa New York anayeunda spika kwa jina la Ojas, aliweka chumba chake ndani ya jumba la sanaa la Lisson mwaka 2022, kisha San Francisco kwenye makumbusho ya SFMOMA mwaka 2024. Watu waliingia wakakaa chini wakanyamaza, mbele ya makasha ya spika yaliyosimama mahali ambapo kwa kawaida ungekuta sanamu.

Siku hizi jina linatumika ovyo. Kuna mahali wameweka rafu ya santuri ukutani na taa hafifu, wakajiita hivyo, na spika zenyewe ziko juu darini zinatazama meza ya vinywaji. Ukikuta hivyo, kunywa soda yako uende.

Lazima nijue mambo ya umeme?

Hapana. Ukiweza kumtambua shangazi yako kwenye simu kabla hajataja jina, masikio unayo.

Niende na muziki gani?

Nenda na ule unaoujua mpaka umeuchoka. Kosa la wageni ni kumwachia mwenyeji achague. Atachagua kile ambacho spika zake zinakipenda, mara nyingi ni mwanamke anaimba taratibu na besi moja ya mbao nyuma yake. Rekodi za namna hiyo zinasikika vizuri hata kwenye redio ya bodaboda.

Mimi huchukua vitu vitatu. Kwanza taarabu yenye udi, kanuni na fidla nyingi, kwa sababu fidla nane zikipiga pamoja kwenye spika mbovu zinageuka msumeno mmoja. Pili rumba ya Kongo ya zamani, yenye magitaa matatu yanayopishana. Nataka nilifuate gita la kati mwanzo hadi mwisho bila kulipoteza. Tatu, na hiki ndicho kikubwa, sauti ya mtu ninayemjua akizungumza tu. Nilimrekodi dada yangu uwanjani, mbali na kuta, anasimulia alivyokosa basi la Tanga. Spika ikimfanya dada yangu awe na mafua, nimeshajua la kujua. Si ubunifu wangu: wahandisi wa BBC walipounda spika zao za studio walilinganisha sauti ya mtu aliyeko studioni na ile inayotoka kwenye spika chumba cha pili, huku wakienda na kurudi mlangoni.

Usipeleke rekodi za zamani sana kwa ajili ya kupima. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, na ni hazina, lakini vifaa vya enzi hizo havikushika besi ya chini wala sauti za juu kabisa. Sikiliza kwa raha zako, usiilaumu spika kwa kisichokuwemo kwenye santuri.

Nikae wapi?

Hili ndilo swali ambalo watu hawaliulizi, nami ndilo ninalotaka waulize kwanza.

Niliwahi kwenda kusikiliza spika za mzee mmoja, kasha la plaiwudi, kazi safi mno. Nikakaa kwenye kochi lililokuwa katikati ya chumba. Baada ya nyimbo mbili nikamwambia kwa adabu zote, "Mzee, hongera, ila besi naona imepungua." Hakubishana. Akasema, "Mwanangu, hebu inuka. Kaa kwenye kile kigoda pale ukutani." Nikakaa. Besi ikanijaa kifuani mpaka nikacheka. Spika zilikuwa zilezile na wimbo uleule, tofauti ni mita mbili na nusu za sakafu.

Sababu yake ni hesabu ya darasani. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde kwenye hewa ya nyuzi 20. Wimbi la hezi 10,000, yaani mitetemo 10,000 kwa sekunde, lina urefu wa sentimita tatu na nusu hivi. La hezi 50 lina karibu mita saba, linazidi chumba chenyewe. Wimbi hilo likigonga ukuta linarudi na kukutana na lenzake linalokuja. Kuna mahali yanajumlishana na mahali yanafutana. Chumba cha urefu wa mita 5 kina mvumo wake wa kwanza kwenye hezi 34 hivi, na katikati kabisa ya urefu huo mvumo unakufa, huku kwenye kuta ukivimba. Kigoda cha mzee kilikuwa kwenye uvimbe. Kochi lilikuwa kwenye kaburi. Ukweli uko mahali fulani katikati ya viti hivyo viwili.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hukumu yoyote kuhusu besi, badili kiti mara tatu. Kwa sauti za kati na za juu, kaa mahali ambapo wewe na spika mbili mnafanya pembetatu yenye pande zinazokaribiana, twita, zile spika ndogo za sauti za juu, zikiwa usawa wa masikio. Hapo mwimbaji anapaswa kusimama katikati, mahali ambapo hakuna spika. Asiposimama, ama umekaa upande, ama waya za spika moja zimefungwa kinyume, chanya kwenye hasi. Hilo la waya hutokea hata kwa mafundi wakubwa, na besi nayo hukonda.

Chumba chenyewe nakipimaje?

Piga kofi moja katikati ya chumba. Nyumba zetu nyingi ni tofali, saruji na vigae, dirisha kubwa, dari ngumu: kofi linajibu kwa mlio mwembamba kama wa chuma. Mlio huo utakuwemo ndani ya kila wimbo utakaosikia, na utadhani ni twita inayokata. Zulia zito, makochi ya kitambaa, pazia nene, kabati la vitabu, hata godoro lililosimamishwa kwenye kona, vyote hupunguza.

Trei za mayai hazisaidii. Najua zimebandikwa kwenye studio nyingi za mtaani. Karatasi yake ni nyepesi. Inanyonya sehemu ndogo ya sauti za juu, na besi inapita kana kwamba hakuna kitu. Ukiziona kwenye chumba cha mtu anayeuza spika za bei mbaya, anza kuwa na mashaka.

Kwa nini spika hizi ni kubwa hivi, na nyingine zina honi kama za sinema?

Kwa sababu zilitoka kwenye sinema kweli. Filamu zilipoanza kusema, mwishoni mwa miaka ya 1920, amplifaya za wakati huo zilikuwa na nguvu kidogo sana, na ukumbi ulikuwa wa watu mamia. Kampuni kama Western Electric zikatumia honi, ambazo hufanya kazi ileile unayofanya ukikunja viganja mdomoni ili mtu wa ng'ambo ya mto akusikie. Kila wati ilihesabiwa.

Kanuni inayoitwa ya Hofmann, mhandisi wa spika, inasema hivi: kasha dogo, besi ya chini, na sauti kubwa kwa umeme mdogo, chagua mbili, ya tatu huipati. Spika nyingi za kisasa za sebuleni zimechagua kasha dogo na besi, zikaacha la tatu, kwa hiyo zinataka amplifaya ya nguvu. Spika za fundi mara nyingi hufanya kinyume. Zinaacha udogo. Tuchukue spika inayotoa desibeli 84 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati moja ukiwa mita moja, na nyingine inayotoa desibeli 100. Tofauti ni desibeli 16, ambazo kwa umeme ni karibu mara 40. Ndiyo maana mtu mwenye spika za aina ya pili anaweza kutumia amplifaya yenye valvu (bomba la kioo la kukuza sauti) moja ya 300B kila upande, valvu ambayo Western Electric ilianza kuitoa mwaka 1938 na ambayo peke yake hutoa wati 8 hivi. Wati nane. Sabufa ya dukani imeandikwa 5,000 kwenye katoni, na maandishi hayo tuyaache hapohapo kwenye katoni.

Basi nisikilize nini hasa?

Anza na sauti ya mtu. Tumezaliwa tunaisikia, ikipinda kidogo tu tunajua, hata tukikosa neno la kueleza.

Honi mbaya ina dosari yake inayoijulisha. Kunja viganja viwili kuzunguka mdomo wako useme "aaa", kisha uviondoe taratibu. Ile sauti ya kopo uliyoisikia, itafute kwenye spika. Ipo kwenye honi nyingi kwa kiasi, hasa kwenye tarumbeta na sauti za wanaume, na wapenzi wa honi wameizoea mpaka hawaisikii tena. Kama wewe unaisikia dakika ya kwanza na bado unaisikia dakika ya arobaini, usikubali kuambiwa utazoea.

Kisha kasha. Hapa nasema kama seremala. Omba ruhusa, kisha gonga kwa kifundo cha kidole kuanzia juu mpaka chini, ubavuni na nyuma. Kasha zuri linajibu kifupi na kizito, kama ukuta. Likijibu kama meza, au mlio ukibadilika ghafla sehemu moja, hapo ndani pamekosa mbao ya kukaza. Kasha la hivyo huimba pamoja na mwimbaji. Utalijua kwenye gita la besi: noti moja inatoka nene kuliko jirani zake, kila inapopigwa, kwenye kila wimbo. Lakini rudi kwenye jibu la viti kwanza. Noti moja nene inaweza kuwa ya chumba. Ukihama kiti na noti nene ikahama, ni chumba. Ikikufuata kila unapokaa, ni kasha.

Kama kasha lina tundu la kupumulia, sogeza mkono wimbo wa besi ukipigwa. Upepo utausikia, ni sawa. Ukisikia "fufufu" ya upepo kutoka kitini kwako, tundu ni dogo au kingo zake ni kali.

Simama. Kaa. Tembea upande. Koni, ile ngozi ya spika inayotikisika, ikiwa kubwa na ikalazimishwa kupiga sauti za juu huzirusha mbele tu, kama tochi. Kuna spika za fundi zenye koni moja inayopiga kila kitu, hazina krosova, kile kifaa kinachogawa sauti za chini na za juu kati ya spika, na kwenye kiti kimoja zinapendeza ajabu: mwimbaji yupo, unaweza kumnyooshea kidole. Ukiinamisha kichwa kidogo, ameondoka. Hiyo haizifanyi mbaya. Inazifanya spika za mtu mmoja, na kama nyumbani mko sita ni bora ujue mapema.

Sauti za juu kabisa sizipimi mwenyewe. Masikio yangu yameshaliwa na randa na msumeno wa umeme. Namchukua mpwa wangu wa miaka 16, namkalisha kwenye kiti kizuri, namuuliza matoazi yanalia kama matoazi au kama chumvi inayomwagika kwenye bati. Hajawahi kunidanganya, maana hajali.

Mwisho, punguza sauti mpaka iwe ya maongezi ya usiku watoto wamelala. Spika nyingi zinaweza kuvutia zikipigwa kwa nguvu. Chache zinabaki na uhai zikiwa chini, na unapoishi na spika, muda mwingi zinakuwa chini.

Ikipigwa kwa nguvu si ndiyo naisikia vizuri zaidi?

Unaipenda zaidi, na hilo ni jambo jingine. Ukilinganisha spika mbili na moja ikawa juu kwa desibeli moja tu, wengi watasema hiyo ndiyo nzuri, bila kujua kwamba ni kubwa tu. Sawazisha kwanza, programu ya bure ya kupima desibeli kwenye simu inatosha kwa kazi hii, mradi simu ikae palepale.

Na linda masikio. NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya kazini, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda nusu. Kwa 94 una saa moja. Kwa 100, dakika 15. Ukitoka masikio yanapiga mluzi, hukuwa unapima spika.

Vipimo au masikio?

Vyote, lakini kwanza tuseme habari ya macho. Macho huingilia hukumu ya masikio, na hapa ndipo yanapoharibu kazi. Mwaka 1994 watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive walichapisha jaribio ambalo watu walewale walizipima spika zilezile mara mbili: wakiziona, na zikiwa nyuma ya pazia. Alama zilibadilika. Walipoona, ukubwa wa spika na jina lake vilipanda juu ya sauti yenyewe, na hao walikuwa wafanyakazi wa kampuni ya spika, si wapita njia.

Spika za fundi ziko hatarini zaidi, kwa sababu ni nzuri kuzitazama. Mbao imepigwa msasa mpaka inang'aa, valvu zinawaka kama makaa, fundi mwenyewe amesimama pale na shati lake safi. Fumba macho. Au fika na khanga, muombe mwenyeji azifunike na kitambaa chepesi. Ataona ni mzaha; mwambie si mzaha.

Grafu ya vipimo ukipewa, tazama kama mstari una vilima na mabonde makubwa kati ya hezi 300 na 3,000, ambako sauti ya mtu inaishi. Fundi akikwambia hapimi, anaamini masikio tu, mheshimu, lakini muulize krosova aliipangaje. Jibu litakuambia mengi.

Fundi yupo palepale. Nimwambie ukweli?

Mwambie ulichosikia, usimwambie kiwango. "Kwangu sauti ya mwimbaji imekaa nyuma ya magitaa" ni neno analoweza kulifanyia kazi. "Hizi hazifikii za dukani" ni tusi. Na usiseme mbele ya mteja mwingine. Msalimie kwanza, kaa, sikiliza angalau nusu saa kabla ya kufungua mdomo. Yule mzee wa kigoda aliniambia kwamba watu wanaosifu haraka hawarudi.

Halafu usiguse koni. Watu wana hamu ya kubonyeza. Usibonyeze.

Mbao gani ni bora? Mninga?

Mninga na mvule ni mbao za kupendeza, na mimi naishi kwa kazi yake, lakini mbao tupu ya ubao mpana inavimba na kusinyaa na unyevu, na pwani unyevu haulali. Kasha la kilo 60 linalofunguka kiungo mwezi wa Aprili si raha. Plaiwudi nzito ya tabaka nyingi au MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ya milimita 25 ndiyo mwili, mninga uwe ngozi ya juu. MDF nayo ikilowa inavimba kama mkate, kwa hiyo itiwe rangi au lakeri pande zote, hata chini ambako hapaonekani. Chini ndiko wanakosahau.

Uliza pia ukingo wa koni ni wa nini. Ule wa sponji huoza kwa miaka, na kwa joto na unyevu huwahi. Wa mpira au wa kitambaa unadumu.

Waya za bei mbaya zinaleta tofauti?

Waya nene wa shaba, uliofungwa imara. Pesa iliyobaki nunua zulia.

Nikitaka kuagiza, niulize nini?

Uliza kama koni na twita zitapatikana tena miaka kumi ijayo, au ni za mabaki ya mzigo mmoja ulioisha. Omba mchoro wa krosova uubandike ndani ya kasha, maana fundi naye ni binadamu. Uliza kama anakubali uzijaribu nyumbani kwako wiki moja kwa kuacha amana. Niliwahi kumwona mtu akinunua baada ya kusikiliza kwenye chumba cha mita 8 kwa 6, akazipeleka kwenye chumba cha mita 3 na nusu. Besi ilikuwa inatikisa masufuria jikoni, mwimbaji hasikiki. Fundi hakukosea popote. Zikauzwa kwa hasara.

Nimerudi nyumbani, sasa redio yangu naiona mbovu. Nifanyeje?

Kila mtu hupatwa na hilo. Zitoe spika ndani ya kabati la TV, ziweke juu ya stuli usawa wa masikio, zitenganishe kwa mita mbili hivi, zivute mbele ya ukuta kadiri chumba kinavyoruhusu. Zima kitufe cha kuongeza besi. Sabufa iondoe kwenye kona, iburute hatua moja moja ukutani huku mtu mwingine amekaa kitini akikuambia "hapo" au "rudisha". Nyumbani kwangu iliishia nyuma ya mtungi wa maji, na mke wangu bado hajaikubali.